Chungu Nilichochagua Mwenyewe

Wakati wa Mdachi, kijiji chetu cha ufukweni mwa ziwa kiliishi kwa samaki na vyungu. Mpunga tuliufuata soko la Mwaya kwa mtumbwi. Kule bei ya chungu haikuwa na maneno mengi: mnunuzi anakijaza nafaka, nafaka unabaki nayo wewe, chungu anaondoka nacho.

Nilimpigia kafi mjane mmoja, mfinyanzi hodari. Ujira wangu ulikuwa kikapu cha muhogo, auze asiuze. Nilikuwa na hasira za karibu, na hilo lilinichoma: mtumbwi unarudi umelemewa mpunga wake, mimi nakabidhiwa muhogo. Tena mama yangu alikuwa ametoka kuugua, muhogo haumpiti kooni. Alitaka wali tu.

Siku moja tukipakia nikamwambia mjane, “Mama, ukipata, nami nipate.”

Akacheka. “Haya, mwanangu. Leo sahau muhogo. Chagua chungu kimoja. Nafaka kitakayopata ni yako.”

Nikachagua kikubwa kuliko vyote. Nani angechagua kidogo?

Mwaya wanawake wa Kinyakyusa walikizunguka, wakakigonga kwa kidole, wakakisifu, kisha wakanunua vidogo. Mmoja alitumbukiza mkono mpaka begani. “Ndaga, mwanangu,” akashukuru, “lakini nikikijaza hiki, watoto watakula nini?” Hilo sikuwa nimelifikiria. Jua lilipofika utosini, vyungu vya mjane vilikuwa vimekwisha, changu kimekaa mchangani kitupu, na muhogo nimeukataa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimkumbuka mama, nikaona aibu hata kushika kafi.

Mjane akaja, akakigonga chungu changu kama mgeni wa soko. “Hiki kinauzwa?”

“Mama, usinitanie.”

“Nauliza, kinauzwa?”

Nikasema kinauzwa. Akamimina kikapu cha kwanza cha mpunga wake, cha pili, na nilipomshika mkono kwenye cha tatu akaniambia, “Nikipata, nawe upate. Si ndivyo ulivyosema?” Akakinunua kwangu chungu alichokifinyanga mwenyewe, kikiwa kimejaa mpaka shingoni. Njia nzima alinung’unika kwamba nimempunja, nami nikapiga kafi kwa furaha.

Hata leo watu wakibishana kama kibarua apate kwa kadiri ya faida ya tajiri wake, mimi nasema apate, ila hasara asiachiwe peke yake. Jioni ile mama alikula wali, akaomba na ukoko.