Dashibodi ya Loliondo

Goti la kulia la mama lilikataa kukunjika tangu alipoanguka ghalani, na kwa sababu ya goti hilo hakumzika dada yake.

Dada huyo alikuwa mkubwa wake, ameolewa Saboti. Habari za kifo zilipotufikia kwetu, karibu na Sirisia, baba alitafuta gari siku nzima. Hakuna lililokuwa na nafasi ya mguu ulionyooka kama mpini wa jembe, isipokuwa pikapu ya muuza vitunguu. Majirani walitandika godoro nyuma. Mama alilitazama godoro, akatutazama sisi, akasema, "Mnataka kunipakia kama gunia," kisha akarudi ndani. Mwaka mzima baada ya hapo hakutoka nje ya boma. Hakulia mbele yetu. Aliketi chini, mguu mbele, akaipaka sakafu yetu ya saruji polishi nyekundu mpaka ukiinama unaona meno yako.

Baba alikuwa ameendesha lori la mahindi la watu wengine karibu maisha yake yote. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, akiwa amestaafu, aliuza ng'ombe wetu wawili wa maziwa, akanichukua mimi niliyekuwa nimemaliza Kidato cha Nne na kukaa tu nikingoja barua ya chuo, tukaenda Kitale kutazama gari.

Lilikuwa gari la Kiingereza, refu, rangi ya chai iliyozidi maziwa, moja ya yale waliyoyaacha wazungu wa mashamba. Chini ya milango kutu ilikuwa imetafuna, na viti vya ngozi vilikuwa vimepasuka kama visigino. Baba hakufungua boneti kwanza. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa mfukoni kamba yenye mafundo mawili, akaitandaza juu ya kiti. Kamba ilienea, ikabaki nafasi ya kiganja kimoja.

"Unapima nini, mzee?" aliuliza mwenye gari. Alikuwa Singasinga mwenye umri kama wa baba, mwenye karakana ya mbao, vumbi la msumeno limemkaa kwenye nyusi.

"Mama watoto," baba akajibu.

Yule mzee aliiangalia kamba, asiulize zaidi. Badala yake alituonyesha dashibodi. Ile ya awali ilipasuka, akachonga nyingine kwa mkono wake, kutoka gogo la mti wa loliondo wa msitu wa Elgon. Mistari yake ilikuwa kama moshi unaopanda polepole. Jua lilikuwa limebambua vanishi juu yake.

"Nasikia wewe ni dereva wa lori," alimwambia baba. "Watu wa lori wanaua gari polepole."

"Hakuna lori imekufa mkononi mwangu."

"Lori haina mbao." Akampa baba mkebe wa vanishi isiyo na rangi. "Hii gari haijaharibika, imezeeka tu, kama sisi. Toa kutu, shona viti, piga mbao msasa laini, paka hii mara tatu. Baada ya mwezi mmoja unakuja. Nikiona kazi nzuri, nasaini logibuku, gari inakuwa yako. Nikiona mbaya, unachukua pesa yako, mimi nachukua gari yangu."

Baba akakubali. Mtu aliyewahi kununua gari asingekubali.

Mwezi ule niliuishi kwa kuhesabu. Kuku akirukia boneti, namfukuza kwa shati. Wingu likikusanyika upande wa mlima, nakimbia na turubai. Fundi wa Bungoma mjini alichomelea vipande vya bati chini ya milango. Fundi viatu wa Sirisia alivishona viti kwa uzi wa kushonea buti, akilalamika kwamba hajawahi kushona kiatu cha watu watano. Mama alitazama yote haya kutoka barazani. Kila baba alipomwomba ajaribu kukaa, alitikisa kichwa.

"Sikai kwa gari ya mtu."

"Si nimelipa?"

"Logibuku ni ya nani?"

Baba akarudi kukwangua kutu. Alijua, nami nilijua, kwamba pesa ikirudi haitanunua gari lingine lenye kiti cha urefu ule.

Alhamisi ya wiki ya mwisho baba aliipiga dashibodi msasa mpaka mti ukabaki mtupu, mkavu, kama uso ulioamka sasa hivi. Alisema vumbi litulie kwanza, vanishi tutapaka kesho mara zote tatu, kisha Jumamosi twende Kitale. Ijumaa asubuhi tukatembea mpaka Chwele kutafuta mafuta ya breki.

Tuliporudi tulimkuta mama ameketi kwenye kigoda kando ya gari, mlango wa mbele wazi, kitambaa mkononi, jasho puani. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu kifo cha dada yake.

"Si mlisema mbao imekauka?" akasema. "Nimeipa chakula."

Dashibodi ilikuwa nyekundu. Siyo nyekundu ya juu juu. Mti ulikuwa mtupu, ukainywa polishi kama ardhi ya Januari inavyokunywa mvua. Mistari ya moshi ilikuwa imezama. Viti navyo alikuwa amevipaka, vinang'aa kama sakafu ya kanisa.

Baba aliweka chini chupa ya mafuta ya breki. Akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua kona moja kwa muda mrefu. Wekundu ulifubaa, haukutoka. Akajaribu vanishi pale konani, nayo ikajikusanya matone matone, ikakataa kushika juu ya nta ya polishi. Akaufunga mkebe. Hapo ndipo mama alipoelewa.

"Mmeniacha na mkebe ambao sijui kuusoma, nikatumia polishi yangu," akasema polepole, akakikunja kitambaa chake. "Kesho nakuja na nyinyi. Mimi ndiye nilipaka."

"Utakuja," baba akasema, "lakini usiongee."

Ndivyo mama alivyoketi kwa mara ya kwanza katika gari lile, mgongo kwenye mlango mmoja, mguu umenyooka juu ya kiti kizima, nguo yake nyeupe ya kanisani juu ya ngozi iliyopakwa polishi. Alikuwa amefunga mkate na chupa ya chai. Hakusema ni vya wapi, ila sote tulijua kwamba ukishafika Kitale, Saboti iko karibu. Kupitia Kimilili na Kamukuywa baba aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Mimi niliitazama dashibodi njia nzima, nikitumaini jua litaifanyia kitu.

Yule mzee alizunguka gari mara mbili. Alipiga magoti, akagonga vile vipande vya bati, akakubali. Alipitisha kidole kwenye mishono ya viti, kidole kikatoka chekundu. Akafungua mlango wa mbele.

Akaiinamia mbao yake, akaikwaruza kwa ukucha.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi," baba akasema.

"Ni mimi," nikasema wakati uleule, sijui kwa nini.

"Waongo hao," mama akasema kutoka nyuma. "Mimi ndiye nilipaka. Ni polishi ya sakafu."

Mzee alituangalia mmoja mmoja. "Watu watatu," akasema, "na hakuna hata mmoja alisoma mkebe."

Ndipo akamtazama mama vizuri: ule mguu, kiti kilichojaa mwisho hadi mwisho, mkate mapajani.

"Unaenda wapi na chai, mama?"

"Saboti. Dada yangu amelala huko mwaka sasa. Sijamwona."

Aliingia karakanani. Baba alishika mlango wa gari kama mtu anayejiandaa kuuachia. Yule mzee alirudi na bisibisi. Alifungua skrubu za dashibodi moja baada ya nyingine, akaing'oa mbao yake, akaifuta kwa shati lake, akaiegemeza ukutani kama mgonjwa. Saa za mwendo na mafuta zilibaki zikining'inia kwa nyaya zake.

"Hii inabaki," akasema. "Nitaikwangua mimi mwenyewe. Jumamosi ijayo unakuja kuichukua, na huyu mama asikaribie." Kisha akatoa kalamu, akaweka logibuku juu ya boneti, akasaini.

Tuliondoka Kitale na shimo mahali pa dashibodi. Kwenye barabara ya Saboti isiyo na lami saa zile ziligongana, sindano zikaruka ovyo, na baba hakuweza kujua mwendo wala mafuta. Aliendesha kwa kusikiliza. Nyuma, mama aliniuliza kama nguo yake imeshika rangi.

Nikageuka. Mgongo mzima ulikuwa mwekundu.

"Kidogo," nikasema.

"Haidhuru," akasema. "Dada ananijua."