Siku Tatu Tupu za Mpima Mvua

Binti yake alinijia jana akiwa amelikumbatia daftari, nikajua kabla hajafungua mdomo. Baba yake amefariki. Wengi wenu mlimfahamu: yule fundi wa mizani wa Quartier Asiatique, mwenye kofia nyeupe na maneno machache. Wachache walijua kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alipanda baiskeli hadi Kibenga, kwenye ua mmoja kando ya ziwa, kusoma kipimo cha mvua na kile cha upepo. Alijitolea tu, na vita havikumzuia ila siku barabara zilipofungwa.

Nakiri kwamba miaka ile ya vita nilimchokoza. Redio zilikuwa zikituletea habari za vimbunga vinavyobomoa miji ng'ambo, na wataalamu wakigombana: hawa wanasema dunia inapata joto na vimbunga vinazidi ukali, wale wanasema vilikuwepo tangu hapo, ila zamani kule baharini hapakuwa na wa kuvihesabu. Mimi nilishaamua nani mkweli. Upepo ulikuwa umeezua mabati Kinindo, nikataka kuandika makala kwamba hata hapa kwetu hali imebadilika. Nikaomba daftari lake, nikakuta siku tatu hazina kitu. Nikamwambia ajaze makadirio, nani atajua? Akanitazama kama alivyozoea kumtazama mwenye duka anayebonyeza mizani kwa kidole.

Kesho yake nikampeleka Kibenga kwa gari langu, bado namsihi njia nzima. Kwenye kizuizi cha Kinindo askari wakatushusha. Kiongozi wao, chef kama tulivyowaita wakubwa wa vizuizi, akalifungua daftari, akaona safu za namba, na uso ukabadilika. Siku zile watu walipotea kwa karatasi ndogo kuliko hiyo.

"Hizi namba ni za nini?"

"Za mvua, chef. Na upepo."

"Na hapa? Siku tatu hakuna kitu. Siku zile waasi walitushambulia. Ulikuwa wapi?"

Nikaingilia mbio. "Hakukunyesha siku hizo, chef. Ndiyo maana."

"Apana," akasema rafiki yangu, taratibu kabisa. "Pengine ilinyesha. Barabara ilifungwa, mi nilikuwa nyumbani. Sikupima."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata hatua mbili. Askari akanigeukia, bunduki nayo ikanigeukia. Nilimchukia fundi yule kwa moyo wangu wote. Nilidhani ametuua kwa ajili ya mvua.

"Kwa hiyo huyu anadanganya," askari akasema. "Ilinyesha. Siku zote tatu, ilitulowesha hapa hapa. Andika basi."

"Ulipima, chef?" fundi akamuuliza.

Yule askari akazitazama tena zile nafasi tupu. Akafunga daftari, akamrudishia fundi, si mimi. "Huyu mzee hawezi kudanganya hata akitaka," akawaambia wenzake. "Pitisheni."

Makala yale sikuyaandika. Bado naamini hali ya hewa inabadilika, na siku hizi naogopa zaidi kuliko zamani. Lakini nikimsikia mtu anayekuza vimbunga au anayevikana, huwa nayauliza maneno yake swali la fundi. Tumezika watu wengi mjini humu kwa sababu ya mambo ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyeyapima.

Jana binti yake, anayeniita tonton kama mjomba wake, alinionyesha ukurasa wa mwisho. "Tonton, Ijumaa baba alikuwa hoi, hakwenda. Lakini mvua ilinyesha, sote tuliiona. Sipendi amalizie na nafasi tupu. Niandike?"

Mimi nami niliiona mvua ile, ilivuja hadi mezani kwangu. Nilitamani mno kumwambia ndiyo.

"Ulipima, mwanangu?"

"Apana," akasema, ndipo akalia. Kesho saa mbili asubuhi nampeleka Kibenga, akasome vipimo.