Msalaba wa Chaki na Jicho la Mama

Nilijifunza kupima lenzi kwa msalaba. Mzee niliyemfanyia kazi katika Soko la Toi alikuwa ameuchora kwa chaki kwenye ubao wa nyuma ya kibanda, mstari mmoja wima na mwingine wa kulala. Miwani ya mitumba hufika ndani ya bunda bila karatasi wala namba. Unaishika mbele ya jicho, unautazama msalaba kupitia lenzi moja, kisha unaisogeza polepole kulia na kushoto. Mstari ukikimbilia upande wa pili, hiyo ni ya kusomea. Ukiifuata lenzi, hiyo ni ya mtu asiyeona mbali. Ukitaka kujua nguvu yake, unaibandika juu ya lenzi ya kinyume ambayo nguvu yake unaijua, unajaribu moja baada ya nyingine, hadi msalaba utulie.

"Usiangalie lenzi," mzee alinifokea siku ya kwanza. "Lenzi ina nini? Angalia mstari. Mstari ndio utakuambia."

Alitoka Machakos na alikuwa na sheria moja: jicho la mteja halikosei. Mtu akirudisha miwani akilalamika, unabadilisha lenzi. Humuulizi maswali. Ukimwambia mteja jicho lake lina shida, alisema, kesho atanunua kwa jirani.

Aliniita Profesa, na si kwa heshima. Niliacha shule darasa la saba. Baada ya hapo nilibeba kokoto kwenye mjengo, nikauza mayai ya kuchemsha, nikaosha magari, nikapaka rangi nyumba ambazo sikuwahi kuziona tena. Hakuna mahali nilikaa mwaka. Nilisoma chochote kilichonijia mkononi, hata karatasi za kufungia nyama. Kwenye kibanda cha miwani nilikaa miaka miwili, na nadhani ni kwa sababu ya ule msalaba. Nilipenda kwamba unaweza kukijua kitu vizuri bila kukiangalia chenyewe.

Nilikuwa nikilala mtaa wa Mashimoni, na mama alikuwa Kawangware, ambako ameshona nguo kwenye baraza la duka moja tangu alipokuja kutoka Magharibi mwa Kenya. Hushona sare za shule na magauni ya kwenda kanisani. Huniita baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Aliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano, nilimpelekea miwani niliyoipima mwenyewe. Alitunga uzi mara moja, akawaonyesha wanawake wote wa baraza.

"Mnaona? Nyinyi mlisema huyu hana kazi."

Miezi michache baadaye alinipigia simu.

"Baba, hii miwani yako inanidanganya upande wa kushoto. Nashona, mshono unatoka nje ya kitambaa na sioni."

Nikampelekea nyingine, yenye nguvu zaidi kidogo. Akasema ni afadhali. Baada ya wiki kadhaa akaangusha pasi ya makaa iliyokuwa kushoto kwake, ikaunguza gauni la mtu. Nikapeleka ya tatu. Akasema ni afadhali. Ya nne ilikuwa na fremu pana, kwa sababu niliwaza labda anachungulia nje ya kioo. Kila moja ilikuwa afadhali kwa siku chache, na hizo siku chache zilinitosha.

Sikuwa na hofu. Wakati huo sikuwa nahisi kitu sana. Niliamka, nikapima lenzi, nikalala.

Asubuhi moja dada mmoja wa chuo kikuu alikuja kukaziwa skrubu ya miwani yake. Mzee alikuwa ameenda kuchukua bunda. Nilimuuliza anasoma nini, akasema fizikia ya anga. Nikamwambia nimeona kwenye simu kwamba mwanga hupinda ukipita karibu na kitu kizito. Akaniangalia vizuri.

"Umesomea wapi?"

"Hapa tu."

Akacheka, akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliniambia kwamba nyota za ukingoni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi kuliko zinavyostahili ukihesabu vitu vinavyoonekana. Kwa hiyo kuna kambi mbili. Kambi moja inasema kuna kitu kingine pale, kizito, kisichotoa mwanga, na wanakiita maada ya giza. Kambi ya pili inasema hakuna kitu. Ni kanuni yetu ya mvutano iliyo na kasoro, na ukiirekebisha kidogo kule ambako mvutano ni hafifu, hesabu inakubali.

"Na nani yuko sawa?"

"Bado wanapima. Wanaangalia picha za galaksi za nyuma zinavyopindika. Ule mpindo unakuambia uzito uko wapi."

"Hawaangalii lenzi," nilisema. "Wanaangalia mstari."

"Eeh. Hivyo hivyo."

Kisha akanieleza kuhusu makundi mawili ya galaksi yaliyogongana na kupitana. Gesi ya moto, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya vitu vinavyoonekana, ilikwama katikati. Galaksi zenyewe zilipita. Kama kasoro ni ya kanuni peke yake, ungetegemea mwanga upinde zaidi pale kwenye gesi. Lakini umepinda zaidi pembeni, mahali ambapo gesi haiko. Ukirekebisha kanuni, mpindo haukufuati. Unabaki palepale.

"Basi hawa wa kanuni wamekwisha."

"Wamebanwa, hawajakwisha. Kwa galaksi moja moja fomula yao inatoshea vizuri hadi inaudhi. Kila wakibanwa wanaongeza kitu kidogo." Alivaa miwani yake. "Hata mimi ningeongeza. Kukubali kuna kitu hukioni si rahisi."

Alipoondoka nilibaki na bisibisi mkononi. Nilikuwa nikifikiria upande wa kushoto wa mama. Lenzi nne tofauti, na shida haikuwahi kusogea.

Jumapili nilitembea Ngong Road hadi Dagoretti Corner, nikashuka Naivasha Road hadi Kawangware. Mama alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa kitambaa cha kichwa. Nilichukua kifungo cheupe kwenye mkebe wake nikakifunga kwenye uzi mweusi.

"Unafanya nini na kifungo changu?"

"Funika jicho moja, mama. Niangalie pua."

"Pua yako naijua. Niliitengeneza mimi."

Alifunika la kushoto. Nilileta kifungo kutoka pembeni, akakiona kikiwa bado mbali. Alifunika la kulia. Nilileta kifungo kutoka pembeni, polepole, nikaendelea kukileta. Kilikuwa karibu kugusa pua yangu aliposema, "Hicho hapo." Nilimvua miwani nikarudia. Nikamvisha ile ya pili, kisha ya nne. Kifungo kilitokea palepale. Nilikileta kutoka juu na chini pia. Kwenye jicho la kushoto alikuwa amebakiwa na tundu dogo la kuchungulia, na hakujua, kwa sababu la kulia lilikuwa likimfichia.

"Sasa?" aliuliza.

"Nitakuletea nyingine," nikasema.

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nilijua wakati nikiyasema. Nilirudi Toi na siku chache baadaye nikachagua ya tano kwenye bunda, nikaipima kwa uangalifu kuliko zote, nikaipeleka. Mama akaivaa, akasema ni afadhali. Wiki tatu zilipita hivyo. Siwezi kusema nilikuwa nasubiri nini.

Siku niliyompeleka kliniki ya macho tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Ili kujaza muda nilimweleza kuhusu zile kambi mbili.

"Na hao watu wanalipwa?"

"Wanalipwa."

"Kuangalia kitu hakionekani."

"Wanaangalia mwanga unavyopinda, mama."

"Sasa hicho kitu ni nini?"

"Hawajui bado."

Alicheka hadi mwanamke aliyekaa karibu naye akauliza kuna nini. "Kuna kazi huko juu," mama akamwambia. "Peleka watoto wako."

Daktari alimpulizia hewa machoni kwa mashine, akamwangalia kwa taa, akaandika. Alisema ni presha ya macho. Haiumi wala haionekani kwa nje, alisema, inaua mshipa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Kilichokufa hakirudi. Jicho la kushoto limeenda karibu lote. La kulia linaweza kushikiliwa kwa dawa ya matone kila siku, maisha yake yote.

"Mlianza kuona shida lini?"

Mama alinigeukia. Ilibidi ageuze kichwa chote.

"Kitambo," nilisema.

"Mngekuja mapema," daktari akasema, bila ukali, huku akiendelea kuandika.

Njiani mama alinishika kwa mkono wake wa kushoto, upande usioona, na tulipovuka barabara aliniambia nisimvute kama mbuzi. Tulipofika barazani alikaa kwenye mashine, akapapasa ukingo wa kitambaa kwa vidole vya kushoto, akashona. Mshono ulikwenda sawa. Alikuwa amejifunza kutumia vidole bila kumwambia mtu, sijui tangu lini.

Kisha akanipa mkebe wa biskuti. Ndani yake kulikuwa na miwani yote niliyompelekea, kila moja imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Isipokuwa moja aliyokuwa ameivaa.

"Hizi zirudishe. Mtu mwingine zitamfaa."

Mzee alikuwa akinywa chai nilipofika. "Profesa, hiyo ni nini tena?"

"Miwani ya kurudishwa."

"Badilisha lenzi."

Nilisimama mbele ya ubao. Nilizifungua moja moja, nikashika kila lenzi mbele ya jicho langu, nikaisogeza kulia na kushoto, nikabandika ya kinyume, nikasubiri. Msalaba ulitulia kwa ya kwanza. Ulitulia kwa ya pili, na ya tatu, na ya nne. Nilirudia zote kuanzia mwanzo. Hakuna hata moja iliyokuwa na kasoro.