Siku niliyodhani maiki imekufa: Radi Bendi ya Mpanda na mtindo tuliouzomea

Wakuu, salamu kwenu wote, na shikamoo kwa mliokula chumvi nyingi.

Ninayoandika hapa yalitokea kweli, na nimeyabeba tangu miaka ya tisini. Majina nimeyabadilisha kidogo. Mengine yote nimeyaacha yalivyo, hata pale ninapoonekana mjinga.

Jana kulikuwa na uzi humu wa wapenzi wa rock. Watu wanatoana macho kuhusu bendi moja ya Ulaya iliyoacha magitaa ya kelele ikaanza kupiga taratibu, mashabiki wakalia wamesalitiwa. Nimesoma comments zote mpaka chai ikapoa.

Mimi nimewahi kuwa shabiki wa namna hiyo. Tena sikuishia kununa. Show niliiua kwa mikono yangu.

Twende taratibu.

Mimi ni fundi redio. Enzi hizo nilikuwa na meza yangu kwenye baraza la duka pale Kashaulili, Mpanda. Tulikuwa bado mkoa wa Rukwa, hakuna aliyewaza kwamba siku moja tutakuwa na mkoa wetu. Na wale watu wa Kigoma mnaojisifu kuwa ndio mwisho wa reli, mjue hata kwetu reli inafika na kuishia, sema sisi hatupendi makuu.

Mjini tulikuwa na bendi moja ya kuringia, Radi Bendi. Ilipiga kila Jumapili mchana kwenye ukumbi mmoja kule Majengo. Mchana kwa sababu mwenye jenereta alitaka liwe limezimwa kabla ya jua kuzama.

Muziki wao tuliuita roki. Leo najua haikuwa rock ya vitabuni, ilikuwa dansi tu yenye gitaa linalokoroma. Ila muulize mtu yeyote wa Mpanda wa wakati ule, atakwambia Radi walikuwa wanapiga roki.

Mpiga solo, ndiye pia kiongozi na mwimbaji, aliitwa Ezekia. Sisi tulimwita Eze. Kijana mrefu, mpole, alijifunza gitaa kanisani. Wazazi wake walikuwa wakulima kwenye makazi ya Warundi nje ya mji. Sisi watu wa mjini tulikuwa tunasema "kwa wakimbizi", ingawa Eze alizaliwa hapa hapa na kusoma hapa hapa. Nalisema hili kwa sababu lina kazi mbele.

Sasa yale makoromo ya gitaa niliyatengeneza mimi.

Nilichukua transistor mbili za redio mbovu, nikazifunga ndani ya kopo la rangi ya viatu, nikaweka swichi ya kukanyaga kwa mguu. Eze alipolikanyaga mara ya kwanza, mbwa wa jirani walikimbia. Akacheka mpaka akakaa chini. Akalibatiza jina, Koromeo.

"Fundi," aliniambia, "mimi nilikuwa na mikono tu, wewe umenipa koo."

Wakuu, mtaelewa kwa nini nilivimba kichwa. Kila Jumapili nilikuwa nyuma ya mixer, vifundo vyote mkononi mwangu, na Koromeo likiguna ukumbi unalipuka. Watu wanamshangilia Eze, mimi moyoni naitikia.

Shabiki namba moja alikuwa Masanja. Kijana wa Kisukuma, familia yao ilihamia na ng'ombe kule Kasansa, Mpimbwe. Akileta ng'ombe mnadani lazima abaki mpaka Jumapili. Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Akipiga kelele "Toa roki!" hata mpiga drums anashtuka.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kama miaka miwili. Sijawahi kuwa na furaha ya aina ile tena, sisemi ili kupendezesha uzi.

(Samahani, kuna mteja kaleta subwoofer iliyoingiwa na panya. Nimemaliza, nimerudi.)

Ikawa siku moja Eze akamtuma mtu kuja kunieleza kwamba baba yake amefariki.

Kutoka mjini mpaka makazini ni safari ya baiskeli tu. Wenzake wote wa bendi walikwenda. Mimi sikwenda.

Nilikuwa na sababu, redio zimejaa mezani, wenyewe wanadai. Ila ukweli ni kwamba sikuwahi kufika kule hata siku moja, na nilijiona nitakuwa mgeni katikati ya watu wanaoongea Kirundi. Nikatuma pole kwa mdomo wa mpiga drums. Yaani rafiki yangu anazika baba, mimi natuma salamu.

Eze alikaa kule wiki tatu, Jumapili zote hizo ukumbi umefungwa. Watu wakawa na kiu hasa. Jumapili aliyorudi, ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Nikapanga mitambo. Nikaweka kaseti ya kurekodi kwenye mixer kama kawaida yangu. Nikaweka Koromeo mbele pale mguu wake unapokaa.

Eze akapanda jukwaani, akalisogeza Koromeo pembeni kwa mguu, polepole.

Halafu akaomba kiti.

Mpiga solo wa roki ameomba kiti! Nikadhani labda anaumwa. Akakaa, akalegeza nyuzi za gitaa mpaka zikawa nzito, akaanza kupiga kitu kinachozunguka palepale, kinarudi, kinazunguka. Mpiga drums aliweka fimbo chini akawa anapapasa ngoma kwa viganja.

Kisha Eze akasogeza mdomo kwenye maiki akaanza kuimba, na sauti haikutoka.

Midomo inacheza. Shingo inacheza. Kwenye spika inatoka pumzi tu, fff, sss, kama redio iliyokosa stesheni.

Masanja ndiye aliyeanza. "Bhebhe fundi! Wewe! Maiki imekufa!"

Ukumbi mzima ukageuka kuniangalia mimi. "Fundi! Maiki! Fundi amelala!"

Hapo jina langu ndilo lililokuwa kwenye moto. Nikapandisha volume. Pumzi ikawa kubwa, sauti bado hakuna. Nikapandisha tena, spika zikapiga mluzi ule wa kupasua masikio, watu wakaziba masikio na kuzomea.

Nikafanya kitu ambacho fundi hafanyi. Nikapanda jukwaani katikati ya wimbo, nikamnyang'anya maiki mdomoni, nikaigonga gonga. "Hallo, hallo, moja mbili. Hallo." Ukumbi ukaitikia kwa shangwe. Maiki nzima kabisa.

Eze aliendelea kupiga gitaa, midomo bado inacheza, hakukatiza. Akaniangalia, akasema kwa upole, "Fundi, maiki ni nzima."

Nikamjibu, na bahati mbaya maiki ilikuwa bado mkononi mwangu, ukumbi wote ukasikia:

"Basi imba, kama unaweza."

Watu walicheka sana. Nami nikacheka kidogo, Mungu anisamehe.

Wimbo wa pili ulikuwa wa namna ileile. Watu wakaanza "Toa roki! Toa roki!" na mimi bila kutumwa nikaenda nikachomeka waya wa gitaa kwenye Koromeo, nikalikanyaga mwenyewe kwa mguu wangu. Gitaa likaunguruma juu ya ile pumzi, ikawa vurugu isiyo na jina.

Eze akaacha kupiga, akaliegemeza gitaa kwenye kiti, akashuka, akapita katikati ya watu akatoka nje kwenye jua. Hakumwangalia mtu.

Mjini ilizungumzwa wiki nzima. Wengine walisema amechanganyikiwa na msiba, wengine amerogwa sauti. Mimi fundi, mtaalamu, nilikuwa nasema mezani kwangu kwamba kijana ameishiwa, alikuwa anabebwa na Koromeo.

Maneno hayo yalimfikia. Siku chache baadaye alikuja na baiskeli yake, akaweka Koromeo mezani.

"Nimekuletea koo lako," akasema.

Akasimama pale kidogo. Sasa hivi najua alikuwa ananisubiri niulize swali moja tu, hata "kulikoni?" Nilikuwa na kifaa cha kuchomea nyaya kwa risasi mkononi nikajifanya nina kazi. Akaondoka.

Radi Bendi haikupiga tena. Eze tukasikia amevuka ziwa kwenda nchi ya wazazi wake kutafuta ndugu za baba yake, wakati ule wa vita ambao wengine walikuwa wanakimbia kuja huku. Hajarudi mpaka leo ninapoandika.

Kama miaka miwili ikapita.

Asubuhi moja akaja mama mmoja mtu mzima na redio kaseti imefungwa kwenye kitenge. Akasema haizungushi. Sikumfahamu. Nikaifungua, ni mpira tu ulikuwa umelegea, nikabadilisha. Ndani kulikuwa na kaseti yake, nikabonyeza play ili kujaribu.

Kikatoka kile kitu. Kinazunguka, kinarudi. Fff, sss.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye volume.

Mama akaushika. "Wacha. Usiongeze, mwanangu."

"Mama, haisikiki."

"Sogea," akasema.

Nikamwangalia, simwelewi.

"Sogea. Hii haiongezwi sauti. Unaisogelea wewe."

Nikainama, sikio likagusa spika. Pale barazani, sokoni Kashaulili, watu wanapita na mikungu ya ndizi.

Wakuu, niwaeleze kifundi. Wimbo kama ule, sauti ya kuimba haitoki mdomoni. Mdomo unatoa pumzi na maneno tu, uzi wa gitaa ndio unaobeba tuni. Vikikutana vizuri, sikio linadanganyika, unasikia mtu anaimba kabisa, sauti nene, na ukimtazama hajafungua koo. Ila lazima uwe karibu. Ukiwa mbali unasikia gitaa upande wake na upepo upande wake. Ukipandisha volume unaongeza upepo.

Na mimi nilikuwa nimekaa mita kumi na tano napandisha upepo.

Nilisikia wimbo mzima. Kirundi sikijui, lakini nililia mbele ya wateja, fundi mzima na bisibisi mkononi.

"Huyu ni Ezekia," nikasema.

"Ni mwanangu. Wewe ndiye fundi wake?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanieleza kwamba kwao kuna ubao wa nyuzi unaoitwa inanga, wazee huupiga wakinong'ona. Marehemu mume wake alikuwa akiupiga jioni, watoto wakimzunguka magotini. Siku za msiba wazee waliupiga kwa zamu, Eze akajifunza humo humo, akasema atawapelekea watu wa mjini sauti ya baba yake.

"Alikutafuta pale msibani," mama akasema. "Kila baiskeli ikiingia anatazama. Alisema, fundi akisikia hii atajua namna ya kuiweka kwenye maspika."

 

Nilimwomba aniachie kaseti nitoe nakala. Akakataa, alisema Eze aliirekodi nyumbani kabla ya kuondoka, ndiyo aliyobaki nayo. Sikumlaumu. Akaifunga redio kwenye kitenge akaondoka, na ule wimbo sijausikia tena.

Mimi nina kaseti yangu ya ile Jumapili, ile niliyorekodi kwenye mixer. Niliitafuta jioni ileile nikakuta nimeshairekodia nyimbo za redioni. Nilikuwa nimeona haina maana. Kimebaki kipande kimoja tu katikati ya nyimbo mbili, sekunde chache, na kwenye hizo sekunde mtu mmoja anasema "hallo, hallo, moja mbili". Chini ya huyo mtu, ukiweka sikio kabisa, yupo Eze, nusu mstari hivi. Anayemfunika ni mimi.

Nimeshatengeneza mitambo ya kila aina tangu wakati ule. Nimejaribu kuiondoa sauti yangu pale, haitoki. Huwa naipiga siku meza ikiwa haina wateja, nainama, nasikiliza ile nusu.

Nimekumbuka Radi ya makoromo miaka yote hii, sikatai, ujana wangu uko mle. Lakini ninachokitamani mpaka nakosa usingizi ni ule muziki tuliouzomea. Wimbo mmoja na nusu mstari ndio niliojaliwa, na huo mmoja niliusikilizia barazani.

Somo nililolipata ni dogo. Msanii wako akibadilika, kabla hujasema ameishiwa, muulize amezika nani. Na ukiitwa kwenye msiba, nenda. Redio za watu zitasubiri.

Wale wa rock wa uzi wa jana, rudieni ile albamu mnayoichukia, safari hii kaeni karibu. Kama nawe umewahi kumzomea mtu ukaja kujuta, tiririka hapa chini, usiniache peke yangu na aibu hii.

Na nyie mlioko Katavi, au mliovuka ziwa, kama mnamfahamu mwanaume mrefu, sasa atakuwa na mvi, anayepiga gitaa amekaa kwenye kiti huku midomo inacheza na sauti haitoki, msimwambie aongeze.

Mwambieni fundi wa Kashaulili amesogea.