Injini ya Ngendo Ilivyompandisha Fundi Wamae

Wamae ni fundi wa magari pale Kiganjo, mwembamba hivi kwamba upepo wa mlimani ukivuma hujaza mifuko spana asije akapeperushwa. Ametoa injini nyingi, lakini ile ya pikapu ya Ngendo ndiyo iliyomtoa yeye.

Pikapu hiyo imebeba kabichi za Ngendo mpaka sokoni Nyeri tangu wanawe wakinyonya. Sasa ilikuwa ikivuja oili kama ng'ombe anayekamuliwa. Injini ikipasuka, mama huyo hana njia ya kupata nyingine.

Mnyororo wa kuinulia ulikuwa umeazimwa. Basi Wamae akapitisha kamba kwenye kapi chini ya gogo refu la mkaratusi lililolazwa juu ya nguzo mbili, ncha moja akaifunga kwenye injini, nyingine akajifunga kiunoni, akawaita wanawake waliokuwa wakitoka kwaya.

"Vuteni pole pole, akina mama. Hiyo si mbuzi."

Wakavuta. Injini ikang'oka, nyeusi, ikapanda hadi usawa wa paa. Ngendo na wawili wao wakaisukuma pikapu kando. Kitu kilichozoea kunguruma mlimani sasa kilikuwa hewani, kimya, kikizunguka taratibu huku jua likimetameta kwenye mafuta. Hakuna aliyekumbuka hata kutoa simu.

"Hapa lazima tushukuru Mungu," akasema Cucu Wamucii, bibi kizee aliyeongoza kwaya. "Tufunge macho."

"Cucu, si tuishushe kwanza?" akauliza Wamae.

"Ndio maana hatukuonangi kanisani. Funga macho."

Akaombea mvua, akaombea ng'ombe, akawaombea wasio na waume. Alipofika amina, wanawake wote wakaitikia, na kwa desturi ya kanisa lao wakainua mikono yote miwili juu.

Kamba ikabaki na mtu mmoja. Wamae akasikia kiuno kikibanwa, miguu ikaaga ardhi. Yeye akapanda, injini ikashuka; walipopishana katikati nusura wasalimiane. Kichwa chake kikagota gogo, nayo injini ikatua kwenye rundo la nyasi za ng'ombe, pole kama kuku anayerudi kwa mayai yake.

Huko juu Wamae akageuka. Kupita mabati ya Kiganjo, mlima wote ulikuwa wazi, bila wingu, theluji ikiwaka. Maisha yake yote ameishi chini yake, kichwa ndani ya boneti. Akasahau kwamba anaumia.

Kisha akakumbuka. "Akina mama, nishusheni."

"Ngoja kwanza," akajibu Ngendo bila kumtazama. Alikuwa amepiga magoti, akiipapasa injini kila upande kama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Akarudia tena, mpaka chini kabisa. "Haina hata ufa," akasema, akaketi hapo hapo kwenye nyasi.

"Na mimi?"

"Wewe ukitaka kushuka, lazima hii ipande tena," akasema Cucu Wamucii. "Tuombe?"

"Tuombe macho wazi," akasema Ngendo, akijifuta machozi kwa leso, "na mikono kwa kamba."

"Hakuna haraka," Wamae akawaambia kutoka juu, akiwa ameshaugeukia mlima.