Agathe na Funguo za Depo

Hadi leo Agathe akisimulia siku ile, midomo humkauka.

Alitoka Yanonge, kijiji cha mtoni, akiwa binti, akaingia kiwanda cha sabuni pale mjini Makiso, na kwa miaka kumi na tisa amekata miche ya sabuni mikono mitupu. Soda kali ya kupikia sabuni inakula ngozi. Vidole vya Fortunée, mwenzake wa meza moja, vilikuwa vimechubuka hadi nyama nyekundu. Patron wao, papa Ambroise mwenye kiwanda, ukifiwa anakutumia sanduku la kuzikia na matangani anakuja mwenyewe. Ila mtajie glavu: "Mutoto anamuomba papa yake. Hamutumie avocat wa kumusemea."

Ndiyo maana siku ya kumchagua délégué, wa kuwasemea kwa patron, watu thelathini na mmoja kati ya arobaini walijipanga nyuma ya Agathe. Wote wakangoja papa Ambroise afoke. Akapiga makofi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini nani alikumbuka hayo wakati ule?

"Mama Agathe, watu wanakupenda," akasema mbele ya wote. "Bon, na mimi ninakupenda. Kuanzia leo uko chef d'équipe, musimamizi ya wote hawa." Akamnyooshea funguo za depo, ghala la sabuni.

Sasa, mtoto aliyelelewa vizuri kule mtoni, mkubwa akimpa kitu hadharani, hupokea kwa mikono miwili na goti analikunja kidogo. Kuuliza maswali ni kukosa adabu. Agathe akapokea. "Aksanti, papa," akasema, na watu wakashangilia, masikini.

Hapo karani Ezéchiel akafungua karatasi iliyokwisha kuandikwa tangu asubuhi. "Chef ni mutu ya patron. Mutu ya patron hawezi kuwa délégué. Donc Agathe haiko tena délégué. Kura ingine, nyuma ya miaka tatu."

Agathe alipigwa na butwaa. Adabu aliyofundishwa na mama yake ndiyo iliyomnasa, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Papa, na glavu?" akauliza.

"Hakuna glavu. Wewe ndiye chef, uwaambie wewe."

Fortunée akasogea, vidole vimefungwa vitambaa. Miaka yote alikuwa akimwita yaya Agathe, yaani dada mkubwa.

"Chef," akasema, "nirudie kukata?"