Magugu ya Ndiva ya Vudee

Niliondoka Tanga kwa sababu dada yangu Nakiete alikuwa anakufa kwa kifua, naye alitaka kuiona ndiva ya kwetu Vudee. Mimi nilikuwa fundi wa picha mjini, kazi ya kuwapiga picha watu wenye tai mbele ya pazia lililochorwa mlima. Daktari Mwingereza wa hospitali alimolazwa Nakiete alikwisha kuniambia kwamba hatapanda tena milima ya Upare.

"Usiniletee picha za watu waliovaa nguo za kanisani," Nakiete alinionya. "Nataka ndiva asubuhi, kabla haijafunguliwa. Na magugu yake yote."

Wasiotoka kwetu wajue kwamba ndiva ni bwawa la udongo. Hukinga maji ya kijito usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Pembezoni huota matete na magugu yenye maua madogo ya manjano, ambayo utotoni tuliyakanyaga tu.

Same, asubuhi. Treni ilinishusha kwenye vumbi. Karani wa stesheni alipoiona kamera akanishauri ningoje anga itakate nipige Kilimanjaro.

"Huko Vudee utapiga nini, majani?"

"Majani," nikamjibu. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, nami nikamchukia.

Mchana lori liliniacha Mwembe, nikaanza kupanda kwa miguu. Ukame ulikuwa umeshika. Ng'ombe walikuwa mbavu tupu, na makorongo yameula mlima. Sikupiga picha hata moja, maana filamu ilikuwa ya Nakiete.

Vudee, jioni. Mjomba Elieza alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anangoja picha."

Alinisogezea makande, akatabasamu. "Salamu ulizotuma wiki jana na dereva wa lori, kwamba unakuja kupiga picha ya ndiva, zilifika. Kesho utaona."

Alfajiri niliona. Ndiva ilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa. Kabla sijafika wanakijiji walikuwa wamepiga pembe, wakaitana msaragambo, kazi ya pamoja, kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Magugu yote yaling'olewa, kingo zikasiribwa udongo. Na juu ya kingo hizo walisimama majirani, kila mmoja na nguo zake za kanisani.

"Mjomba, mmefanya nini?"

"Mgeni haonyeshwi nyumba isiyofagiliwa," alisema. "Picha itaonwa hospitalini Tanga. Unataka Nakiete aaibike?"

Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikaiona mikono yake, imepasukapasuka, tope bado limo kwenye kucha. Nikawaambia wasogeleane, nikawapiga picha. Walipoondoka nikateremka mteremkoni, yalikotupwa magugu. Mengi yalikwisha kunyauka, lakini maua machache yalikuwa bado wazi, yana umande. Nikapiga magoti nikamaliza filamu hapo.

Tanga tena. Nakiete aliitazama kwanza picha ya maua.

"Yamelala," alisema.

"Yameng'olewa."

Akachukua ile ya watu, akaisogeza karibu na macho. "Walifanya msaragambo?"

"Kwa ajili yako."

"Hata shangazi Naetwe, na mguu wake ule?"

"Naye alibeba udongo."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, kisha akalia. "Wajinga hawa," alisema, "wajinga wangu." Akaiweka picha hiyo chini ya mto. Ile ya maua alinirudishia.

Alifariki masika yalipokuwa katikati, tukamzika hukohuko Tanga. Nikapanda Vudee kupeleka habari za msiba. Kamera niliiacha dukani kwangu, kwa kuwa mtu haendi msibani na kamera.

Nilifika alfajiri, nikapitia ndivani kabla ya kugonga mlango wa mjomba. Ilikuwa imejaa pomoni, na magugu yamerudi kila upande, manjano matupu. Niliyokwenda kuyatafuta kwa treni yalikuwa yakiota bila kuombwa na mtu. Hilo ndilo nililojifunza, na nilijifunza nikiwa nimechelewa. Nikasimama nikayatazama kwa niaba yake mpaka mjomba akaja kufungua maji.

"Shikamoo, mjomba," nikasema, naye akajua.